Meno Uliyonipendekezea

Mwalimu Bahati,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalainika, na leo sitaki kulainika. Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike Kakuma. Miezi ya kwanza nilikulilia. Baadaye nikakuombea. Sasa nimekaa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Lodwar, wanafunzi wameondoka, viti vya plastiki bado vimetawanyika, na hasira imenipanda upya kama vile jambo limetokea asubuhi. Najua marehemu hasemwi vibaya. Mama yangu akisikia ninachoandika atanishika kichwa aniombee. Lakini sikusemi kwa watu, Mwalimu. Nakuambia wewe mwenyewe, jambo ambalo wewe hukunifanyia.

Unakumbuka nilivyofika kwako. Sikuja kusoma. Nilikuja na gunia la makaa kichwani, mkeo Mama Furaha alikuwa ameagiza, nikakuta watu wazima wameketi chini ya turubai lako kambini, kila mmoja ameshika kijikaratasi mbele ya midomo, wanasema "p, p, p" na vikaratasi vinaruka. Nilicheka mpaka gunia likataka kuniangusha. Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi yangu. Wewe hukujali kicheko, uliutazama mkono. Ukasema kwa Kiswahili chenu cha Uvira, kule Kongo, "Weye mwenye makaa, toa mukono kwa kinywa, tuone vile unacheka."

Sikuutoa. Nilikuwa na sababu zangu, na nilikueleza baadaye, labda wewe peke yako duniani. Nilipokuwa na miaka kumi, bibi yangu kule Kalemng'orok alining'oa meno mawili ya mbele ya chini, kama alivyong'olewa yeye, na mama yake kabla yake. Sikulia. Nilitembea boma zima nikitabasamu ili kila mtu aone pengo langu. Halafu nikapelekwa sekondari hapa Lodwar, nikakaa bweni moja na wasichana wa kutoka Kitale na kwingineko, huko ambako sisi tunakuita Kenya kana kwamba hapa si Kenya. Siku moja mwalimu wa Kiingereza alinisimamisha nisome kwa sauti, akanikatiza, akasema upepo unavuja. Darasa zima lilicheka. Mkono ulipanda mdomoni siku ile na haukushuka, nikamaliza kidato cha nne nao pale, nikaenda Kakuma kuuza makaa na mama nao bado pale.

Ni wewe uliyeushusha. Ndiyo maana nina hasira hivi. Mtu asiyekujali akikupiga kofi unamwita mjinga unaendelea na safari.

Ulinipa kioo kidogo cha kunyolea, ukanimulikia mdomo kwa tochi ya simu kama daktari. Ulikuwa na kile kitabu chako cha sauti za Kiingereza, kisicho na jalada, kurasa zimeungwa kwa uzi wa viatu. Kulikuwa na mchoro wa kichwa kilichopasuliwa katikati, ulimi umewekwa kati ya meno ya juu na ya chini, kuonyesha jinsi ya kusema "think" na "three". Sisi Waturkana wenye pengo darasani, mimi na yule mzee Ekai, tulifuata kitabu kwa utiifu wote. Tukautafuta ulimi mahali pa kukaa kati ya meno, ukakuta chini hakuna meno, ukapita pengoni moja kwa moja ukaning'inia nje kama wa mbuzi anayelamba magadi. Wakongo walicheka, Warundi walicheka, wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukafunga kitabu. "Mwenye aliandika hii hakufika Turkana," ulisema.

Ukakaa na sisi siku nzima. Ukagundua kwamba sauti ile haihitaji meno ya chini hata kidogo. Ncha ya ulimi iguse meno ya juu, pumzi ipite juu yake, basi. Tulipoipata, mzee Ekai aliisema mpaka mate yakakauka. Ukatuambia tena kwamba sauti yenyewe iko hata kwenye Kiswahili, kwenye thelathini na dhahabu, ila nyinyi kwenu mnasema makumi tatu na hamkuwahi kusumbuka nayo. Sauti ya "s" ndiyo iliyotutoa jasho, kwa sababu ile kweli hugonga meno ya chini. Ulinifanya nirudishe ulimi nyuma kidogo na niinue mdomo wa chini uzibe pengo, kidogo tu, usionekane. Ilichukua wiki tatu. Hukuchoka hata siku moja, na mimi nilichoka kila siku.

Na irabu! Siku uliponiuliza Kiturkana kina irabu ngapi nikakuambia tano kama Kiswahili, ukanikatalia. Ulinitaka niseme maneno ya nyumbani, moja baada ya jingine, umefumba macho, unahesabu kwa vidole. Ukafika tisa. Ukaruka kutoka kwenye kiti. Ukawaambia wenzangu kwamba wao wanahangaika kutenganisha "ship" na "sheep" na mwenzao amezaliwa masikio yake yameshatenganisha. Ulipenda pia jinsi wazee wetu wanavyomaliza neno kwa irabu ya kunong'ona, pumzi tupu isiyo na sauti. Ulikwenda kwa mama yangu sokoni mara nne kumsikiliza tu akiitana na wenzake, akadhani unataka kumposa. Kabla yako hakuna mtu aliyeniambia kwamba mdomo wangu una kitu ambacho wengine wanakitamani.

Lakini zaidi ya yote kulikuwa na lile shuka. Kila Ijumaa ulifunga shuka katikati ya turubai, msomaji upande mmoja na wasikilizaji upande wa pili, ili asisikilizwe mtu kwa sura yake. Ulisema watu wakimwona Mturkana wanasikia Kiturkana hata kabla hajafungua kinywa, na wakimwona Mkongo vivyo hivyo. "Macho inadanganya," ulirudia kila Ijumaa. "Sikio haidanganyi." Ulijua ulichokuwa unasema. Ulishanisimulia jinsi ulivyonyimwa kazi ya ukalimani, baada ya kufaulu maandishi yote, kwa sababu mtu fulani mezani alisema una Kifaransa mdomoni. Ulitoka pale ukakitafuta kitabu kile kisicho na jalada. Darasa lako lote lilizaliwa na hasira, Mwalimu, kwa hiyo usinishangae.

Basi ukaanza kukohoa zaidi. Ulisema ni vumbi. Kakuma nzima ina vumbi, nani angebisha? Mtu aliyetufundisha kuihesabu pumzi, kujua inapita wapi na inazuiliwa wapi, akatuficha yake. Mganga hajigangi. Ulipokubali kwenda hospitali Mama Furaha alikuwa amekushika kwapani, na hukukaa huko wiki. Hilo nalo lilinikasirisha, lakini ile ilikuwa hasira ya kawaida ya mtu aliyefiwa. Ingekwisha.

Wiki chache baada ya mazishi, ofisi iliyokuwa ikigharamia darasa iliniita. Walitaka mtu wa kuchukua nafasi yako, awafundishe vijana wanaotafuta kazi za kupokea simu za wateja mtandaoni. Nilivaa vizuri. Mkono wangu ulikuwa mapajani muda wote, mdomo wazi, kama ulivyonifundisha. Yule mama mkubwa wa ofisi akaniambia kwa upole kwamba ulishaacha taarifa kuhusu mimi, uliyoiandika kabla hujaugua sana, ukijua siku moja watatafuta msaidizi. Akanisogezea. Ulikuwa mwandiko wako, ule ulioinama kushoto.

Uliandika kwamba nina sikio bora kuliko mwanafunzi yeyote uliyewahi kumfundisha. Nikatabasamu pale pale mbele yao. Kisha mstari uliofuata ukasema kwamba hata hivyo, kwa sababu ya pengo la meno, sifai kusimama mbele ya wanafunzi kama mfano wa matamshi, na kwamba unapendekeza niwekewe meno ya bandia kwanza.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Kikulacho ki nguoni mwako, Mwalimu. Miaka miwili unaniambia toa mkono kwa kinywa, na huko nyuma unawaandikia watu wanizibe. Wiki tatu tumetafuta njia ya "s" mimi na wewe tukaipata, ukaisikia kwa masikio yako nyuma ya shuka, ukapiga makofi. Halafu ulipokaa na kalamu ukanitazama kwa macho. Wewe! Uliyenyimwa kazi kwa sababu ya mdomo wako! Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na wewe ulikuwa mwalimu wangu lakini kwa hili ulikuwa nyani. Nisamehe kwa neno hilo. Hapana, usinisamehe, nimelifikiria na nimeliacha palepale.

Nilikwenda kwa Mama Furaha. Sikumpa pole, sikumuuliza habari za watoto, nikamwuliza tu kama alijua. Alijua. Alinikalisha, akasema, "Bahati alikuwa anaogopa watakucheka. Alisema waweke ile meno, sasa hawatabaki na kitu ya kusema." Labda ni kweli. Labda ulitaka kunijengea ukuta ambao wewe hukuwa nao. Lakini ungeniuliza! Nilikuwa naleta makaa kila Jumanne. Ulikuwa na Jumanne ngapi za kuniambia, "Akai, nimeandika hivi, unaonaje?" Ningekasirika, tungegombana, Mama Furaha angetupigia kelele, na jambo lingekwisha. Sasa nagombana peke yangu.

Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikubali. Ofisi ilisema italipia, nikapanda gari nikaja Lodwar kwa daktari wa meno, akanijaza mdomo udongo laini wa waridi kuchukua kipimo, na baada ya wiki mbili nikawa na meno mawili meupe kwenye kipande cha plastiki. Nilikubali kwa sababu ni wewe uliyependekeza. Hiyo ndiyo nguvu uliyokuwa nayo juu yangu, na hukuwa na haki ya kuitumia bila kuniambia.

Mama aliponiona alishusha gunia. "Akai, nani alikupa meno ya punda?" Nikajaribu kumjibu na "s" yangu ikapiga mluzi. Ile "s" ya wiki tatu ilikuwa imekufa. Mdomo wa chini ulizoea kuziba pengo, sasa pengo halipo na mdomo unagonga plastiki. Ulimi haukujua nyumba yake. Nilikaa mbele ya kioo kile cha kunyolea siku nyingi nikijaribu kuanza upya na hakukuwa na mtu wa kunimulikia. Kila nikikosea nilikuwa nakutukana, kisha nalia, kisha nakutukana tena. Siku moja niliyatoa kuyasafisha na sikuyarudisha. Niliyafunga kwenye karatasi nikayaweka mfukoni.

Siku ya usaili wa nafasi yako nilikwenda na pengo langu. Walikuwa watatu mezani, na mwombaji mwingine alikuwa Wekesa, kijana wa Kitale mwenye digrii na meno thelathini na mawili, na mtu mzuri, sina ugomvi naye. Yule mama wa ofisi aliutazama mdomo wangu akauliza meno yako wapi. Nikasema mfukoni. Kisha nikavua shuka langu begani nikawaomba walifunge katikati ya chumba. Walitazamana. Nikawaambia hivi ndivyo Mwalimu Bahati alivyokuwa akipima watu, na kama wanafuata taarifa yake basi wafuate na kipimo chake. Wekesa ndiye aliyepanda kiti akafunga ncha moja dirishani.

Tulisoma orodha moja, kwanza mmoja, kisha mwingine, wao hawajui nani ni nani. Mdomo ulijua kazi yake. Wawili kati ya watatu waliandika msomaji wa pili. Wa tatu aliandika kwamba hawezi kuamua. Shuka liliposhushwa nikawa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mahali pa msomaji wa pili. Wekesa akanipigia makofi peke yake, kisha akaona aibu akaacha.

Unadhani walinipa darasa? Subiri. Walinipigia simu baada ya wiki moja. Yule mama alikuwa na furaha kweli, alidhani ananiletea zawadi. Alisema sauti yangu ni nzuri mno, wanataka wanirekodi masomo yote, na Wekesa asimame mbele ya wanafunzi akiyachezesha kwenye spika. Sauti yangu, uso wake. Shuka lako, Mwalimu, ila safari hii lisishushwe kamwe. Nilimwambia sauti yangu haitembei bila mimi. Akasema nifikirie vizuri, kwamba hata wewe ungekubali. Nadhani ungekubali, na hilo ndilo lililonifanya nikate simu bila kuaga.

Ndipo nikarudi Lodwar. Padri alinipa ukumbi Jumatatu na Jumatano mchana, kwa sharti nifagie mwenyewe. Walianza wanne. Leo walikuwa kumi na tisa. Kuna wanawake wanaosuka vikapu ambao wamechoka kuuziwa vikapu vyao na watu wa kati kwa sababu eti Kiingereza chao hakieleweki. Kuna wahudumu wa hoteli, kuna polisi mmoja wa kutoka Kainuk anayesema "v" kwa nguvu zote kana kwamba anamkamata mtu. Watano wana pengo kama langu. Siku ya kwanza wote watano walikuja mikono midomoni, na mimi nilisimama mbele, nikafungua mdomo wazi, nikawaomba waje mmoja mmoja na simu zao wanimulike wauone ulimi unapokaa. Mama mmoja aliinama akachungulia muda mrefu sana, kisha akasema, "Ejok, ni vyema. Kumbe hata wewe."

Nilitaka kukuambia siku ileile. Nilitoka nje nikashika simu, nikafika kwenye jina lako, nikakumbuka.

Sasa nakuambia linaloniuma hasa, na kisha nitakuacha. Wale watatu mezani waliponisikia bila kuniona wakanichagua, sikufurahi nilivyotarajia. Nilikuwa nawatazama wao, lakini mtu niliyemtaka akae upande ule wa shuka ni wewe. Nilitaka usome taarifa yako, kisha unisikilize, kisha uikate kwa kalamu kwa mkono wako mwenyewe. Huwezi. Umeniacha na karatasi isiyofutika. Na umeniacha na miaka miwili ya wema isiyofutika pia, na sijui niiweke ipi juu ya ipi.

Wanafunzi wangu wanalijua jina lako. Wanajua ulitoka Uvira, kwamba uliwafundisha watu chini ya turubai na kitabu kisicho na jalada. Siku moja mmoja wa wale watano ataniuliza kama wewe uliamini kwamba mtu mwenye pengo anaweza kufundisha. Nakuahidi hivi: sitakupaka mafuta. Nitawaambia ulinifundisha yote ninayowafundisha, na nitawasomea ulichoandika, mistari yote miwili. Nao wakiniuliza ni mstari upi ulikuwa wa kweli, nitawaambia ulikufa kabla sijakuuliza.

Mvua zikipita nitakuja Kakuma nipange mawe ya kaburi lako, Mama Furaha ameniambia mafuriko yameyasogeza. Nitakuja bado nimekasirika. Pumzika, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Akai